Huyu ni wa Nani?



Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tumesimama barazani mwa kanisa tukingoja mvua ipungue, kijana mmoja wa kwaya aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Alisema, "Mwalimu, huyu Abdulrazak Gurnah aliyepata Tuzo ya Nobel, ni wetu au ni wa Waingereza?" Wenzake wakaanza kubishana papo hapo. Mmoja alisema ni wetu, maana kazaliwa Unguja. Mwingine akasema kwamba mtu aliyekaa Ulaya zaidi ya miaka 50, akaandika vitabu vyake vyote kwa Kiingereza, huyo ni wao, na sisi tunajipendekeza kwake kwa ajili ya sifa tu. Mvua ilikatika kabla ubishi haujakatika.

Tangu siku ile nimelifikiri sana swali hili, na leo naomba nafasi katika gazeti letu nieleze nilipofika. Si swali la watu wa vyuo vikuu peke yao. Nadhani linatuhusu sisi wa Runzewe kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuseme yale yanayojulikana. Bwana Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea alikuwa mvulana wa shule. Miaka michache baadaye, akiwa na umri wa miaka 18, aliondoka kwao akaenda Uingereza. Hakuweza kurudi mpaka mwaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla mzee huyo hajafariki. Huko Uingereza alisoma, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kent, mjini Canterbury, akafundisha hapo mpaka alipostaafu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987. Mwezi Oktoba 2021, alipopigiwa simu kuambiwa kwamba ameshinda Nobel ya Fasihi, alikuwa jikoni akipika chai, akadhani mtu anamtania. Alikuwa amekwisha kuandika riwaya 10.

Basi wale vijana wote wawili walikuwa na hoja. Aliyesema ni wao anaweza kuonyesha pasi ya kusafiria ya mtu huyu na lugha ya vitabu vyake. Tena sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyesema ni wetu anaweza kuonyesha mambo yaliyomo katika vitabu hivyo: bandari zetu, misikiti na maduka, njia za misafara, Wajerumani na askari wao, vijana wanaoondoka na wazee wanaobaki. Hata maneno ya Kiswahili ameyaacha humo katikati ya Kiingereza, mengine bila kuyafasiri, ili msomaji wa Ulaya ajitahidi mwenyewe kuyafuata.

Lakini nilipokuwa nikizipima hoja hizi mbili, nikaona aibu. Maana hakuna hata mmoja wetu pale barazani, mimi mwalimu mstaafu nikiwa wa kwanza, aliyekuwa amesoma ukurasa mmoja wa mtu huyu. Tulikuwa tukigombania mtu tusiyemjua. Tulifanana na ndugu wanaofika msibani kugawana mali ya marehemu ambaye hawakumtembelea alipokuwa mgonjwa.

Sisemi hivyo ili kutulaumu bure. Vitabu vyake vilikuwa kwa Kiingereza, na bei yake si ya mfuko wa mkulima wala mchimbaji. Tangu kitabu chake cha kwanza kitoke ilipita miaka 35 kabla hatujapata kimoja kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walichapisha Peponi, iliyotafsiriwa na Dokta Ida Hadjivayanis kutoka riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1994. Ndipo nikamwomba jamaa yangu aliyeko Mwanza aninunulie. Kilipofika, tukaanza kukisoma pamoja jioni za Alhamisi, vijana wachache, akina mama watatu, na bibi mmoja ambaye hajui kusoma lakini hakukosa hata siku moja.

Mnamkumbuka yule Mwethiopia wa katika Matendo ya Mitume, mtu mkubwa wa nyumba ya malkia, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu? Alikuwa Mwafrika safarini, ameshika chuo cha nabii wa taifa jingine, anasoma na haelewi. Filipo hakumwuliza pasi wala kabila. Alimwuliza kama anaelewa asomayo, akapanda garini, akaketi karibu naye. Nadhani ndivyo inavyotupasa kusoma kitabu kilichoandikwa mbali: mmoja asome, mwingine aketi karibu, waulizane.

Hadithi yenyewe ni ya mvulana anayeitwa Yusuf, siku za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya 1914. Baba yake ana deni kwa tajiri wa pwani, na kwa kuwa hana cha kulipa, anamtoa mwanawe awe rehani. Mtoto anaondoka kwao akidhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Huko ugenini anakua, anafanya kazi dukani bila mshahara, na mke wa tajiri anamtamani kwa uzuri wake. Tulipofika hapo bibi yetu akacheka, akasema, "Huyu si ndiye Yusufu wa Potifa?" Naam, ndiye. Ndugu zetu Waislamu nao wanamjua Yusuf huyo huyo katika Kurani yao. Basi mtu aliyelelewa katika Uislamu Unguja, akakaa Canterbury, akaandika kwa Kiingereza, amekuja kutusimulia sisi Waanglikana wa Runzewe hadithi ambayo mama zetu walitusimulia. Siku ile hatukumwona mgeni hata kidogo.

Juma lililofuata tulimwona. Msafara wa tajiri unatoka pwani kuja bara, kupita kwenye nchi kama hizi zetu mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watu wa msafara wanawazungumza watu wa bara kwa dharau: ni washenzi, hawana dini, hawafai kuaminiwa. Msomaji wetu alisita. Bibi akauliza, "Hao washenzi ni akina nani?" Hakuna aliyejibu. Akajijibu mwenyewe: "Hao ni sisi. Hao ni babu zangu." Kijana mmoja akasema kitabu kifungwe, kwa nini tununue kwa fedha zetu matusi ya kututukana sisi wenyewe?

Hapo, ndugu zangu, ndipo swali la kweli lilipotokea. Je, yatupasa kumsikiliza mtu anayetueleza jinsi tulivyodharauliwa?

Tulijadiliana mpaka taa ikaanza kufifia. Mama mmoja ndiye aliyetufungua macho. Alisema kwamba mwandishi hasemi sisi ni washenzi. Anatuonyesha watu wanaosema hivyo, na anatuonyesha na hali yao wenyewe. Anayewatukana wa bara ni mtumwa wa deni, au ni mnyapara wa watumwa, au ni tajiri anayechukua watoto wa watu kuwa rehani. Anajiita mstaarabu huku mtoto wa mwenzake analala barazani kwake kama mbuzi wa dhamana. Halafu anafika Mjerumani, na kwake yeye wote, wa pwani na wa bara, ni washenzi sawasawa. Nikaongeza kwamba mwandishi mwenyewe aliijua dharau hiyo mwilini mwake, maana alifika Uingereza kijana maskini asiye na kwao pa kurudi, wakati ambapo watu weusi walitukanwa waziwazi barabarani. Katika hotuba aliyoitoa Desemba 2021 alipopokea tuzo, alieleza kwamba aliona historia ya kwao ikisimuliwa upya na kurahisishwa na wenye nguvu, akaona ni wajibu wake kuyaandika mambo kama yalivyokuwa, ukatili pamoja na wema. Mtu wa namna hiyo hatutukani. Anatushuhudia.

Nilirudi nyumbani nikiufikiria mji wa Canterbury, alikofundisha. Kwetu sisi Waanglikana jina hilo si geni. Ndiko kiliko kiti cha Askofu Mkuu. Lakini tukumbuke mji huo ulivyopata Injili. Mwaka 596 Papa Gregori alimtuma mtawa Agostino kutoka Roma aende kwa Waingereza. Walipokuwa njiani, yeye na wenziwe waliingiwa na hofu wakataka kurudi, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba Waingereza ni watu wakali, wasio na imani, na lugha yao haijulikani. Ilibidi Papa awaandikie kuwatia moyo. Walipofika mwaka 597, mfalme wa Kent naye aliwaogopa. Alikataa kukutana nao ndani ya nyumba, akaketi nje mahali peupe, wasije wakamloga. Hata hivyo aliwapa mahali pa kukaa mjini Canterbury, na chakula.

Basi hao waliokuja baadaye kutuita sisi washenzi, walikwisha kuitwa hivyo. Wageni waliogopa wenyeji, na wenyeji wakadhani wageni ni wachawi. Sioni tofauti kubwa kati ya mfalme yule na mzee wa kijiji chetu anapoona mgeni anaingia na begi lake usiku.

Wala tusijifanye kwamba sisi tumekuwa upande wa kuonewa siku zote. Katika karne ya 19 mtu mmoja wa nchi hii ya Usumbwa, Msiri mwana wa Kalasa, alikwenda na watu wake magharibi mpaka Katanga kufuata biashara ya shaba. Huko alijifanya mfalme, na watu wake wakaitwa Wayeke. Alitawala kwa mkono mzito, akauza pembe na watumwa, akanunua bunduki na baruti, mpaka alipouawa na watu wa Mfalme wa Wabelgiji mwaka 1891. Wazee wetu hupenda kumtaja kwa fahari, nami siwazuii. Lakini sijasikia mtu akiuliza wale waliouzwa huko walikuwa na majina gani. Labda huko Katanga naye yuko bibi fulani ambaye, akisomewa habari za Wasumbwa, atasema, "Hao waliouzwa ni babu zangu."

Sasa nije kwa jambo ambalo nimelikwepa muda mrefu. Mwaka 2013 palikuwa na kijana mchimbaji aliyekuja ibadani kwetu karibu kila Jumapili kwa muda wa miezi minane hivi. Aliketi benchi la nyuma kwa sababu, nadhani, aliona haya kwa nguo zake zilizoshika udongo wa duara. Kwa matamshi yake tulijua ametoka Kigoma, basi tukamwita Mha. Hakukataa. "Habari yako, Mha." "Mha, sogeza benchi." Mara kwa mara alikuwa na daftari na penseli. Siku moja alinikopa shilingi 3,000, nikampa.

Asubuhi moja tulipata habari kwamba duara limetitia na yeye amefukiwa na kifusi. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Wachimbaji wenzake walichanga sanda na jeneza, nasi wa kanisa tukakubali kumzika. Fundi alipokuja kuniuliza aandike jina gani juu ya msalaba, nilifungua kinywa nikakuta sina la kusema. Nikawauliza wenzake, nao walimwita Mha. Hakuwa na kitambulisho. Tukalitafuta lile daftari, tukidhani amejiandika humo. Tulikuta orodha ya madeni yake, kwa mwandiko mzuri, jina la kila aliyemkopesha pamoja na kiasi. Langu lilikuwamo, limeandikwa kamili, jina la ubatizo na la baba yangu, na mbele yake shilingi 3,000. Lake halikuwamo.

Tulimzika tukaandika "Mha" na tarehe. Yeye alijua jina langu na la baba yangu. Mimi, mzee wa kanisa, niliyemshika mkono Jumapili nyingi, nilijua kabila lake tu. Mahali fulani Kigoma pengine kuna mama anayengoja mpaka leo. Gurnah alichelewa, lakini alirudi akamwona baba yake. Mama huyo hana hata mtu wa kumpelekea habari, na sababu mojawapo ni mimi.

Nimelieleza jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya nielewe kazi ya mwandishi. Mtu akiitwa kwa kabila lake tu, ni kama kitabu ambacho tumesoma jalada. Mwandishi mzuri anakataa kutuacha kwenye jalada. Anachukua mtu ambaye dunia inamwita mkimbizi, au mtumwa, au mshenzi, anatuambia jina lake, anaogopa nini usiku, anampenda nani, deni lake ni kiasi gani. Tukimaliza kusoma hatuwezi tena kumwita kwa lile neno moja.

Najua wako watakaosema kwamba maneno haya ya ubinadamu mmoja yanaua mila; kwamba tukisema watu wote ni sawa, Msukuma ataacha ngoma yake na Msumbwa lugha yake, tuwe wote kama maji yasiyo na ladha. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana wapo waliotuletea umoja kwa kututaka tufanane nao. Lakini tuitazame siku ya Pentekoste. Watu walikuwa wa mataifa mengi, na Roho hakuwapa wote lugha moja. Kila mmoja alisikia katika lugha ya kwao. Kazi ya kuvuka ilifanywa na wanenaji. Ndivyo ninavyoona hata katika kitabu hiki. Hakijifichi kwamba ni cha pwani. Mila zake si zetu, chakula chake si chetu, na dini yake si yetu. Hatukumpenda Yusuf kwa sababu anafanana nasi kwa kila jambo. Tulimpenda kwa kuwa tulichukua taabu ya kumfuata katika mambo yake, tukakuta huko ndani woga tunaoujua na aibu tunayoijua.

Na mahali pa kujifunzia taabu hiyo ni hapa hapa. Runzewe ni mji wa njiani. Magari makubwa ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita mbele ya milango yetu usiku na mchana. Sokoni yupo Msumbwa, Msukuma, Mha, Mhaya, Mkurya na Mnyamwezi. Wengine wamefuata dhahabu, wengine mashamba, wengine wamefuata mume. Wengi wetu tunaojiita wenyeji, tukihesabu vizuri, baba zetu walishuka hapa na mzigo kichwani.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana wa kwaya ni hili. Mwanangu, Serikali itasema Gurnah ni raia wa wapi, na hiyo ni haki ya Serikali. Lakini wewe ukiniuliza kama ni wetu, nitakuuliza kama umemsikiliza. Mtu anakuwa wetu kwa kadiri tunavyokubali kuketi karibu naye mpaka tuelewe asemayo, hata pale anaposema lisilotupendeza. Mwingereza wa Canterbury aliyemsoma kwa moyo ana fungu kwake, na bibi yetu asiyejua kusoma naye ana fungu lake, wala fungu la mmoja halipunguzi la mwenzake. Na yule aliyekaa nyuma yako kanisani miezi minane bila wewe kujua jina lake, huyo bado hajawa wako, hata kama mmezaliwa nchi moja.

Tumefikia sura za mwisho za Peponi, na anayependa kusikiliza aje Alhamisi saa kumi na moja jioni, hakuna kiingilio. Tena tumenunua daftari kubwa na kuliweka juu ya meza mlangoni mwa kanisa. Kila mgeni anayekuja ibadani anaombwa kuandika jina lake, la baba au mama yake, kijiji alichotoka, na jina la mtu wa kupelekewa habari. Asiyejua kuandika anaandikiwa na yule kijana aliyeniuliza swali. Nilipolitazama Jumapili iliyopita lilikuwa na majina 41. Nawaomba wenyeji nasi tujiandike, ili wageni nao wajue sisi ni akina nani.